Akuma ugenini: kwa nini Street Fighter na Tekken zikikutana ladha hubadilika

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni shabiki wa Tekken, gemu ya kupigana, tangu ile ya tatu ya PS1, na Street Fighter nimeijulia kwenye ya nne. Nilipopata diski ya Street Fighter X Tekken ya PS3 nilijua nimemaliza kila kitu, lakini haikuchukua muda nikaiweka kando. Kazuya, mpiganaji wa Tekken, ukimwona ni Kazuya, ila ukimshika mkononi siye. Sasa nina PS4 na Akuma, yule wa Street Fighter, ndani ya Tekken 7 ananikosha mpaka basi, na vijana wa kibanda chetu cha gemu wameshampiga marufuku. Kwa nini moja imenichosha na nyingine imeniteka? Ile Tekken X Street Fighter tuliyoahidiwa iliishia wapi? Na hawa wenzangu wana haki ya kumfungia Akuma? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, mkono wako umesema kweli. Ukimpenda Kazuya hupendi suti yake na kovu la kifuani peke yake. Unapenda namna anavyokulazimisha kucheza: kusogea na kurudi nusu hatua, kumvizia mwenzako akose pigo, kisha kumrusha juu kwa ngumi moja ya umeme. Ukiibeba sura ukaacha masharti yale, umebeba picha. Kwa hiyo kila michezo miwili ya kupigana inapokutana, swali ninalouliza mimi kwanza ni moja: nani amekuwa mgeni, na ameruhusiwa kuingia na sheria zake?

Tuanze na pedi, kwa sababu ugomvi wote uko pale. Tekken ina batani nne za kupiga na kila moja ni kiungo cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Ndiyo maana mtoto asiyejua kitu alimshika Eddy Gordo kwenye Tekken 3, akabonyeza miguu ovyo ovyo, na bado akawanyanyasa wakubwa. Street Fighter ina sita, ngumi tatu na mateke matatu, na hazisemi kiungo gani kinapiga. Zinasema nguvu: nyepesi, ya kati, nzito. Ulinzi nao ni tofauti. Kwenye Tekken ukiachia mshale na kusimama tu, mtu wako anajikinga mwenyewe dhidi ya mapigo ya juu na ya kati. Jaribu uzembe huo kwenye Street Fighter uone. Kule kinga ni kushika nyuma kwa makusudi, na adui akikuruka kichwani na kutua mgongoni, hiyo "nyuma" yenyewe inageuka upande.

Halafu kuna uwanja. Ryu, shujaa wa Street Fighter, anapigana kwenye mstari mmoja, na kwenye mstari huo Hadoken, ule moto anaourusha kwa mikono, ni ukuta unaotembea. Unaweza kuuruka, kuukinga, au kuufuta kwa moto wako mwenyewe, na akishakuzoesha kuruka anakusubiri chini na Shoryuken, ngumi yake ya kupanda juu. Street Fighter nzima imejengwa juu ya mtego huo. Ukumbi wa Tekken una pembeni. Hatua moja ya kando inatosha moto upite, na ndiyo maana wapiganaji wengi wa Tekken hawana haja na kitu cha kurusha. Kuruka nako si silaha kubwa, maana ukienda hewani hovyo utashushwa kwa kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila wewe kupata nafasi ya kujikinga, ya kukulipisha nusu ya damu.

Tofauti hii ni ya kuzaliwa nayo. Street Fighter ya kwanza ilitoka mwaka 1987 mikononi mwa Takashi Nishiyama na Hiroshi Matsumoto wa kampuni ya Capcom, na ile ya pili, ya 1991, ndiyo iliyoifundisha dunia kupigana kwa kombo. Kombo zenyewe zilianza kama kasoro ya programu ambayo watengenezaji waliamua kuiacha. Tekken ina babu mwingine. Seiichi Ishii aliyeiongoza Tekken ya 1994 alitokea Sega, alikofanya kazi ya Virtua Fighter, mchezo uliofungua njia ya kupigana kwa miili ya 3D. Tena Namco waliitengeneza Tekken juu ya mashine ya System 11, iliyo ndugu wa damu wa PlayStation, na ndiyo sababu ilihamia majumbani bila kupoteza kitu kikubwa. Sisi huku tuliipokea kwenye PS1, kwa diski ambazo bora nisiulize zilichomwa wapi, na kwa watu wengi wa rika letu "gemu ya kupigana" maana yake ikawa Tekken 3.

Sasa turudi kwenye diski yako. Yoshinori Ono wa Capcom na Katsuhiro Harada wa Namco walitangaza mwaka 2010 huko San Diego kwamba kila upande utatengeneza mchezo wake wenye watu wa pande zote mbili. Capcom wakatangulia na Street Fighter X Tekken mwezi Machi 2012. Jina limeshakujibu: aliyetajwa mwanzo ndiye mwenye nyumba. Mchezo unachezwa kwenye mstari, kwa batani sita, kwa kinga ya kushika nyuma. Kazuya, Nina, King na wenzao wakavuliwa hatua ya kando mlangoni. Tena wakaingizwa katika nyumba yenye Hadoken bila silaha yao ya asili ya kuikwepa, ikabidi wabuniwe njia mpya. Capcom hawakuwa wavivu. Ngumi ya umeme ya Kazuya unaitoa kwa mishale uliyoizoea, na misururu ya mapigo ya Tekken imeheshimiwa kadiri ilivyowezekana. Lakini kile unachokifanya kati ya pigo na pigo, ule mchezo wa miguu, umebadilishwa wote. Hapo ndipo wewe uliposema "siye".

Kuna mengine yaliyokuchosha ambayo hayahusu Kazuya. Mnacheza wawili wawili kwa kupokezana, na akianguka mmoja tu mmepoteza raundi, kama kwenye Tekken Tag. Anayetoka nje anarudishiwa sehemu ya damu. Ukiunganisha masharti hayo mawili unapata watu wanaojificha: huyu ameumia, anatolewa, anaponaponya, huku saa inakimbia. Raundi zikawa zinaisha kwa muda na si kwa kipigo, na watazamaji wakapiga miayo. Wakaongeza Pandora, ambapo unamtoa mwenzako kafara ili upate nguvu za muda mfupi sana, na nguvu zikiisha kabla hujaua umekufa wewe. Wazo lina mvuto wa kishetani, lakini kwa mchezaji makini halikuwa na faida. Halafu zile jemu, vito vya kuongeza nguvu, kasi au kinga. Kuna hata vya kukukingia mapigo vyenyewe! Mtu aliyefundishwa kwamba kinga ni jasho lake hawezi kuchekea kitu hicho, hasa baadhi ya vito vilipokuwa vinauzwa.

Na kilichowaudhi watu kupita vyote kilikuwa ndani ya diski yenyewe. Wachezaji waliichokonoa wakakuta wahusika 12 wamekamilika mle ndani, wamefungiwa, wakisubiri kuuzwa baadaye. Capcom walijitetea kwamba waliwaweka humo ili matoleo yote yaelewane, lakini mtu aliyekwisha kulipia diski hakuona kwa nini alipie tena kilichomo. Walipofunguliwa Julai 2012, bei ilikuwa dola 20.

Kwetu sisi orodha ile ilikuwa na kichekesho. Mmojawapo ni Elena wa Street Fighter, Mkenya tangu mwaka 1997, ambaye watengenezaji waliamua apigane kwa capoeira ya Brazil. Ukibonyeza ngumi, mguu ndio unaotoka. Upande wa Tekken, aliyefungiwa naye ni Christie Monteiro, ambaye kipigo chake ni hicho hicho cha capoeira. Yaani mkutano wa kuvutia kuliko yote kwa mtu aliyekua na Eddy, miguu kwa miguu, ulikuwa nyuma ya kufuli. (Kwa wanaotafuta Mkenya halisi katika habari hizi, yuko Sylvia Gathoni, Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya UYU. Naye ni mtu wa Tekken.)

Nisiitukane diski yako yote, hata hivyo. Marekebisho ya 2013 yalipunguza ule ugonjwa wa kujificha na mchezo ukachangamka, ila hadhira ilikuwa imeshatawanyika. Kwenye Evo 2012, mashindano makubwa ya michezo hii kule Las Vegas, timu ya Infiltration na Laugh wa Korea ilichukua ubingwa wake. Pia Elena, Hugo, Poison na Rolento walihamishwa kutoka humo wakaenda kuijaza Ultra Street Fighter IV ya 2014. Kwa hiyo kama uliwahi kupigwa na Elena wa Ultra anayejitibu katikati ya pambano, na nakuombea hujapigwa, ujue chimbuko lake ni diski hiyo unayoikunjia uso.

Kabla ya Akuma, nikuonyeshe kwamba tatizo hili liliwahi kupata dawa. Capcom walipokutana na SNK, kampuni nyingine ya gemu za kupigana, walitoa mwaka 2001 Capcom vs. SNK 2. Humo, baada ya kuchagua wapiganaji, unachagua pia mojawapo ya mifumo sita ya sheria, iliyopewa herufi C, A, P, S, N na K. Mmoja unakupa mita (kipimo cha nguvu kinachojaa ukipigana) na mbinu za kwao Street Fighter, mwingine unakupa mbio na mikwepo ya King of Fighters ya SNK. Unataka Ryu acheze kama mtu wa SNK? Ruksa. Hapo hakuna aliyevuliwa nguo mlangoni. Walikuwa na bahati ya udugu, kwa kuwa Nishiyama yule yule aliyeizaa Street Fighter alihamia SNK na kuzaa Fatal Fury, na nyumba zote mbili zilikuwa za mstari mmoja. Tekken haikuwa na bahati hiyo. Ukumbi wake una pembeni, na pembeni huwezi kuiweka kwenye herufi.

Harada na watu wake walipita njia nyingine. Desemba 2015, wakati Tekken 7 ilikuwa bado kwenye mashine za kumbi za Japani, walimtangaza Akuma. Hakuletwa kama kikaragosi cha kuuza nakala. Ameandikwa katika hadithi: Kazumi, mke wa Heihachi na mama yake Kazuya, alimwomba awaue Heihachi na Kazuya endapo yeye atashindwa, na Akuma amekuja kulipa deni. Ukimaliza hadithi ya mchezo kuna sura ya ziada, Kazuya dhidi ya Akuma, na ni ngumu kweli. Kama hujaifungua, ifungue wiki hii.

Lakini hadithi ni nusu. Tazama chini ya kioo anapokuwepo: ana mita ya nguvu ambayo wazaliwa wa Tekken hawana. Hadoken anaitoa kwa robo duara ile ile. Anaruka kwa upinde wa Street Fighter, akitua na teke. Akishajaza mita, pigo dogo analigeuza kombo ndefu. Ameingia na sheria zake zote mkobani. Halafu, na hapa ndipo ninapowavulia kofia, mwenye nyumba hajabadilisha yake hata moja. Pembeni ipo. Hadoken inayomtisha Ken wa Street Fighter huku inakwepwa kwa hatua moja ya kando, na Akuma akirusha moto mbele ya mtu anayejua kutembea ataadhibiwa. Anarushwa juu, anabebwa mpaka ukutani, anapigwa sakafuni kama Paul au Law. Mbio zake za kwao zimekutana na mitego ya kwetu, na kila pambano linakuwa mabishano ya nani atamlazimisha mwenzake acheze gemu ya nani. Huo ndio utamu unaokunogea, na ndio ulioukosa kwenye PS3.

Akuma hakuchaguliwa kwa bahati, pia. Ana historia ya kuvamia. Alianza mwaka 1994 ndani ya Super Street Fighter II Turbo kama bosi wa siri anayeingia na kummaliza M. Bison kabla hujagusana naye, na karibu wakati huo huo alifichwa ndani ya X-Men: Children of the Atom, mchezo usiokuwa wa Street Fighter kabisa. Miaka miwili baadaye ndipo ikaja X-Men vs. Street Fighter, na mlango ukafunguka. Mtu wa aina hiyo haulizwi amefuata nini. Ryu angeletwa Tekken angehitaji maelezo marefu.

Waliokuja nyuma yake wanathibitisha hoja. Geese Howard, bosi wa Fatal Fury, aliingia mwishoni mwa 2017 na mita yake na ukali wake, na akapendwa. Noctis wa Final Fantasy XV na Negan wa The Walking Dead hawakutoka kwenye michezo ya kupigana, hivyo walilazimika kubuniwa upya. Noctis anapendeza macho. Negan sina hamu naye.

Sasa, Tekken X Street Fighter. Haikutoka, na nakushauri usiisubiri. Ilitangazwa sambamba na ya Capcom, kazi ilianza, kisha ikawekwa pembeni, na Harada mwenyewe amelieleza hilo hadharani zaidi ya mara moja. Sababu za kibiashara hazihitaji mganga. Ya Capcom ilitoka na kelele za wahusika waliofungiwa, halafu pande zote mbili zikazama kwenye Tekken 7 na Street Fighter V, na kuleta mchezo wa tatu katikati kungewagawa wachezaji wale wale. Ono, aliyekuwa mshirika wa Harada kwa utani na majukwaani, aliondoka Capcom mwaka 2020. Maoni yangu, na haya ni yangu tu, ni kwamba mchezo ule umekwishatoka kwa sura nyingine, na sura hiyo ni Akuma wako. Mtu mmoja aliyepikwa vizuri amefanya kazi ambayo orodha ya watu hamsini haikuiweza.

Ukitaka kuwaona tena pamoja, wapo mahali pengine. Namco x Capcom ya PS2, ya mwaka 2005, ilibaki Japani. Project X Zone ya Nintendo 3DS iliwaweka Ryu na Ken kwenye kapu moja na Jin na Xiaoyu, pamoja na watu wa Sega, lakini hiyo ni gemu ya mbinu na zamu. Unaipenda kwa mazungumzo yao, siyo kwa vidole. Mahali ambapo ningekupeleka kweli ni Super Smash Bros. Ultimate, ukipata rafiki mwenye Nintendo Switch. Ryu na Ken wamo, na Kazuya aliingia Juni 2021. Kwenye mchezo ambao karibu kila mtu anapiga kwa mshale na batani moja, hawa wanakubali mishale ya kwao, na mkiwa wawili tu ulingoni wanamkabili adui muda wote kama kwenye michezo waliyotoka. Ngumi ya umeme ya Kazuya inatoka kwa mishale ile ile ya Tekken. Ajabu ni kwamba nyumba ya Mario imewapokea wageni hawa kwa heshima kuliko walivyopokeana wao kwa wao mwaka 2012.

Diski yako ya PS3 usiiuze bado. Weka marekebisho yote kama mtandao wako unaruhusu, zima jemu kwa makubaliano, kisha uicheze kwa upande wa Street Fighter. Mchukue Ryu au Chun-Li umweke mbele, na Kazuya awe wa pili. Ukiacha kumdai Kazuya awe wa Tekken utakuta kuna mchezo wa maana pale, hasa ule msururu wa nyepesi, ya kati, nzito unaomrusha adui juu na kumkabidhi mwenzako. Na ukiwa na hamu ya Elena, usihangaike kumfungua humo. Tangu Juni 2025 yuko Street Fighter 6, ametengenezwa upya.

Limebaki la kibanda. Wenzako wana haki kwa sehemu. Hata kwenye mashindano makubwa Akuma wa Tekken 7 alilalamikiwa sana na amepunguzwa makali toleo baada ya toleo, kwa hiyo kama PS4 ya kibandani haijawahi kusasishwa, mnapigana na Akuma mkali kuliko aliyekusudiwa, na hapo nawaelewa. Waambie wasasishe kwanza. Zaidi ya hapo, marufuku inawanyima somo. Mwenye kibanda akiwa hana wateja asubuhi, ingieni kwenye mazoezi, rekodi Akuma wa kompyuta akirusha Hadoken, mara nyingine akiruka na teke, na mara nyingine asifanye kitu. Kila mmoja akae hapo akwepe kando, kulia kisha kushoto, mpaka aache kuuogopa ule moto. Kwa sasa mkubaliane hivi: anayemchukua Akuma akishindwa, hamrudii mpaka foleni izunguke. Aliyeshinda abaki naye kwenye kiti kama kawaida, na wewe uwe wa kwanza kuifuata sheria hiyo siku ukipigwa.